Zamu ya Ibrahimu Kuongoza

Wateja wapya wa Ibrahimu Kondo huanza kwa kumpa asalaam alaykum, naye huitikia vizuri tu, maana amezaliwa Bagamoyo na salamu haijawahi kumgombanisha na mtu. Ni fundi bomba wa Magomeni ya hukohuko Bagamoyo, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, anayeongea kidogo. Jina lake amerithi kwa babu yake, na babu huyo alibatizwa nalo misheni. Kwa hiyo Ibrahimu ni Mkristo wa kurithi, kama mtu anavyorithi shamba la minazi: halilimi, lakini akiulizwa la nani, atasema ni langu.

Aliyelilima shamba hilo ni mkewe. Chausiku alitoka kijiji cha Fukayosi, kwenye nyumba ya Waislamu wakulima wa mihogo na ufuta, na utotoni alisoma Kurani chuoni kama watoto wote wa pale. Alibatizwa akiwa mtu mzima, binti yao Mina akiwa tayari anatembea. Hakuna aliyemlazimisha. Ibrahimu mwenyewe alishtuka alipoambiwa kwamba mkewe anahudhuria mafundisho. Ndugu zake Chausiku walinuna kwa muda, kisha wakaacha kununa, kwa sababu alikuwa mtu wa kwenda misibani mapema na kuondoka wa mwisho, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumnunia.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na sala kila jioni. Vyombo vikishaoshwa, Chausiku alikaa kwenye mkeka na rozari yake, Ibrahimu akakaa kwenye kochi. Mke aliongoza, mume aliitikia. Chausiku ndiye aliyejua leo ni mafumbo gani ya rozari, nani anaumwa mtaani, mtoto wa nani ana mtihani. Alipofika kwenye litania alitaja watakatifu mmoja baada ya mwingine bila kukwama, na Ibrahimu akasema "utuombee", "utuombee", mara nyingine macho yakiwa yamefumba na akili ikiwa kwenye koki inayovuja Kaole. Hakuona ubaya wowote. Kuitikia nako ni kusali, alijiambia, na kwa kweli hakuwa amelifikiria sana.

Asubuhi moja Chausiku alikuwa uani anaanika nguo. Ibrahimu, aliyekuwa anapiga mswaki, alimwona akiokota shati, likamponyoka, akaliokota tena, likamponyoka. Akamgeukia mumewe akasema kitu. Sauti ilikuwa yake, lakini hayakuwa maneno. Kisha akaegemea ukuta na kuteleza taratibu mpaka chini, beseni likapinduka.

Kilikuwa kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vizito, mdomo umevutwa upande, na maneno yametoweka kabisa. Aliwatambua watu, alisikia, alikasirika, lakini akifungua kinywa zilitoka sauti zisizo na umbo. Daktari alisema usemi huenda ungerudi, huenda usirudi. "Zungumzeni naye," alisema. "Msimnyamazie."

Mina, aliyeolewa Mbeya, alikuja akakaa mpaka likizo yake ikaisha. Alipoondoka akaja Saida, mdogo wake Chausiku, mjane kutoka Fukayosi, na kiroba cha makopa na msala wake wa kuswalia. Alimkumbatia dada yake, akalia kidogo, akajifunga kanga kiunoni na kuanza kufagia. Ibrahimu alishukuru. Kupika aliweza, kufua aliweza, lakini kumwogesha mkewe kulimshinda.

Jioni ya kwanza baada ya Mina kuondoka, Ibrahimu aliamua kwamba lazima wasali. Alikuwa na fikra, ambayo hakumwambia mtu, kwamba sala zikikatika na mkewe naye atakatika. Akamketisha Chausiku kwenye kochi na mito, yeye akakaa mkekani. Akafanya ishara ya msalaba. Akasali Baba Yetu mpaka mwisho. Kisha akakwama hapo kama gari lililoishiwa mafuta.

Leo ni mafumbo gani? Hakujua. Akaanza ya furaha, katikati akaingia ya uchungu. Akaruka hadi litania. Akamtaja Maria, akamtaja Yosefu, akamtaja Petro, na baada ya hapo palikuwa peupe. Miaka yote alikuwa akidaka majina yanayorushwa kwake, na sasa hakuna aliyerusha. Akabaki na "utuombee" mdomoni bila mahali pa kuipeleka. Akamwangalia mkewe. Jicho lake moja lilikuwa linatoka machozi, lakini jicho hilo lilitoka machozi siku nzima tangu augue, kwa hiyo hakuweza kujua kama analia au ni ugonjwa tu.

"Samahani, Mama Mina," akasema, akazima taa ya ukumbini.

Baada ya hapo alijaribu kila njia. Alitega simu imwamshe alfajiri asali kabla ya kazi. Simu ikaita, akaizima, akaamka jua likiwa limeshatoka. Akachukua kitabu cha sala cha mkewe, maandishi madogo kama sisimizi, akasoma ukurasa mzima ndipo akagundua kwamba ilikuwa sala ya kubariki mbegu. Mina akamtumia kwenye simu rozari iliyorekodiwa. Mwongozaji alikwenda mbio, na kundi la watu wengi likamjibu kabla Ibrahimu hajavuta pumzi. Alijiona kama mtu aliyesimama nje ya ukuta wa harusi ya watu wengine, anasikia vigelegele. Baada ya siku chache akaacha.

Na kilichomchanganya zaidi ni kwamba ndani ya nyumba ileile kulikuwa na mtu asiyehangaika. Saida alisikia adhana, akatia udhu, akatandika msala, akaswali, akaukunja, akaendelea kumenya viazi. Hakuonekana kujilazimisha wala kujisifu.

"Shemeji," Ibrahimu alimwuliza siku moja, "wewe husahau?"

"Kusahau nini?"

"Kuswali."

Saida alifikiri. "Naitwa, shemeji. Ningeachiwa nijiite mwenyewe, sijui ingekuwaje."

Basi Ibrahimu akaenda kwa katekista. Alikwenda kwa kisingizio cha koki ya uani pa parokia, na alipokwisha kuikaza akabaki amesimama, spana mkononi.

"Mwalimu, hivi sala huanzwaje?"

Katekista alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona uso wa Ibrahimu akaacha. Wakakaa kwenye ngazi, na Ibrahimu akamweleza kila kitu: simu, mbegu, watu wanaojibu haraka.

"Umejitwika gunia la Chausiku," katekista alisema, "na Chausiku alilijaza kidogokidogo kwa miaka. Hebu niambie, jambo gani unalifanya kila siku, ukiwa umechoka, ukiwa na hasira, hata bila kukumbushwa?"

Ibrahimu akafikiri. "Namnywesha mke wangu uji asubuhi. Saida humwogesha, mimi namnywesha."

"Basi sali hapohapo. Usitafute saa nyingine wala kona nyingine. Sala fupi unayoijua. Na usiongeze kitu mpaka hiyo iwe imezoea kukaa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na siku utakayoiruka usijilaani. Kesho yake uji utakuwepo."

Ibrahimu alirudi nyumbani akiona kama ameuziwa kitu cha rahisi mno. Lakini asubuhi iliyofuata, kabla ya kijiko cha kwanza, alisali Baba Yetu. Kati ya kijiko na kijiko akataja mtakatifu anayemkumbuka, akajijibu mwenyewe, "utuombee". Walipomwishia, aliwakumbuka Wakristo aliowatengenezea mabomba, akawataja watakatifu wa majina yao. Ilikuwa litania ya mabafu na majiko, na aliiona haina heshima, lakini uji uliisha na sala ikaisha, na kesho yake akafanya vilevile. Kuna siku aliiruka. Kuna siku aliisema huku anawaza mambo mengine kabisa. Hakuhisi chochote cha pekee. Alimwambia katekista hivyo baada ya misa, naye akamjibu tu, "Endelea."

Asubuhi moja aliinua kijiko akasema, "Mtakatifu Anna."

"Utuombee," Chausiku akasema.

Alilisema wazi, herufi zote mahali pake. Kijiko kilianguka, uji ukamwagika kwenye kanga. Ibrahimu alitoka mbio mpaka uani akimwita Saida, na Saida akaja na mikono yenye povu la sabuni.

"Amesema! Mama Mina, sema tena. Mtakatifu Anna!"

"Utuombee."

Walishikana mikono wote watatu. Ibrahimu alimpigia Mina simu, akashindwa kuongea, akampa Saida. Siku hiyo hakwenda kazini. Alikaa karibu na mkewe akingoja maneno mengine yafuate, kama maji yanavyofuata hewa ikishatoka kwenye bomba.

Hayakufuata. Alimwuliza, "Unataka maji?" Akajibiwa, "Utuombee." "Mguu unauma?" "Utuombee." Aliwasalimu majirani kwa neno hilo, na aliponyimwa chumvi alilisema kwa ukali, kama tusi. Furaha ya Ibrahimu ikaanza kuchanganyika na kitu kingine. Je, asubuhi, mbele ya uji, mkewe alikuwa anasali? Au lile lilikuwa neno moja lililookoka moto, analotumia kwa kila kitu kwa kuwa hana jingine?

Halafu likaja la pili. Ibrahimu alirudi kutoka kazini mchana, akakuta Saida anamkanda dada yake mkono kwa mafuta ya nazi. Kama wafanyavyo watu wa kwao kwa mgonjwa, Saida alikuwa anamsomea Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kwa sauti ya chini. Ibrahimu akavua viatu mlangoni. Ndipo akasikia sauti mbili. Chausiku alikuwa amedakia katikati, akaisoma mpaka mwisho, kwa mahadhi yaleyale ya watoto wa chuoni, bila kukosea hata mahali pamoja.

Saida alianza kulia. "Dada amerudi," alisema. "Mungu mkubwa. Dada amerudi kwao."

Ibrahimu alibaki mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Hakukasirika. Angejua kukasirika ingekuwa nafuu. Alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi miaka yote ina mlango mwingine ambao hakuwahi kuuona.

Jioni ile Saida alisema naye kwa heshima, macho chini. "Shemeji, usinielewe vibaya. Hayo yametoka kinywani mwake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha."

"Na utuombee nayo ilitoka kinywani mwake mwenyewe."

"Ni kweli. Lakini moyo wa mtu ukirudi ulikoanzia, si hiyo ndiyo dalili?"

"Dalili ya nini, shemeji?"

"Sijui," Saida akasema. "Mimi nataka nimpeleke Fukayosi. Kule kuna nafasi, kuna shangazi zake. Hapa anakutegemea wewe, na wewe unategemewa na mabomba ya mji mzima."

Ibrahimu alikwenda tena kwa katekista, safari hii bila kisingizio. Alitaka aambiwe jambo moja lililonyooka. Katekista alimsikiliza, kisha akasema, "Sijui, ndugu yangu." Ibrahimu alichukia. Mtu hatembei kwenye jua kali kwenda kutafuta "sijui". Walipompeleka Chausiku kliniki akamwuliza na daktari. Daktari alieleza kwamba mambo aliyoyakariri mtu kwa miaka yanaweza kubaki hata usemi ukipotea. Mgonjwa anaweza kuimba wimbo mzima na asiweze kuomba maji.

"Kwa hiyo hamaanishi anachosema?"

"Sikusema hivyo, mzee. Nimesema siwezi kujua."

Aliporudi nyumbani Ibrahimu aliacha kusali. Hakutangaza, aliacha tu. Alifikiri: kama mke hajui anachojibu, na mimi sijui ninachosema, basi hapa kuna redio mbili zinazozungumza chumbani. Asubuhi akaleta uji, akakaa, akainua kijiko kimyakimya.

Chausiku hakufungua kinywa.

Akapoza uji. Akaongeza sukari. Akabadilisha kijiko. Chausiku alimtazama tu, midomo imefungwa. Ibrahimu alingoja, akachoka, akashusha pumzi na kusema, kwa sauti ya mtu anayeshindwa ubishi, "Baba Yetu." Alipomaliza sala, mkewe akafungua kinywa, akanywa.

Je, alikuwa akingoja sala? Au uji ulikuwa bado wa moto, na sala ndiyo iliyoupa muda wa kupoa? Ibrahimu alijiuliza siku nzima, hata akafunga bomba la maji moto kwenye la baridi katika nyumba ya mteja mmoja na ikabidi alifungue upya. Hakupata jibu. Lakini kesho yake hakutaka kujaribu ili ajue. Alisali kwanza.

Suala la Fukayosi lilibaki. Mina alisema kwa simu kwamba mama aulizwe mwenyewe. Ibrahimu na Saida wakaona ni haki. Siku ya mapumziko walimketisha Chausiku katikati, mmoja kila upande, kama wazee wa usuluhishi.

"Dada," Saida akaanza, "unataka twende Fukayosi?"

"Utuombee," Chausiku akasema.

Ibrahimu akajikohoza. "Mama Mina, unataka kubaki hapa na mimi?"

Chausiku akamgeukia. "Alhamdulillahi," akasema.

Kisha Saida akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na Ibrahimu, ambaye alikuwa hajacheka tangu siku ya beseni, alicheka mpaka akashika ukuta. Chausiku alicheka nao, upande mmoja wa uso. Walipotulia, Saida alijifuta macho.

"Shemeji, huyu tumwache alipo," alisema. "Mimi nitakaa mpaka wakati wa kupanda. Na nitamsomea kama ninavyomsomea."

"Msomee," Ibrahimu akasema. "Nami nitamsalia."

Ndivyo walivyoishi. Asubuhi uji na Baba Yetu, mchana mafuta ya nazi na Alhamdu. Mvua zilipokaribia Saida alirudi shambani, akiacha maagizo mengi juu ya namna ya kumkanda mgonjwa. Ibrahimu akawa anafanya yote peke yake, ila kumwogesha, kazi aliyomlipa Bi Chiku, mwanamke wa jirani. Sala ya uji ilikuwa imezoea kukaa, kama alivyosema katekista, na siku moja bila kupanga aliona ameongeza nyingine ya jioni, fupi, vyombo vikiisha.

Maneno ya Chausiku yalirudi kama watoto wanaotoka shule, mmoja leo, wawili kesho, wengine wakipotelea njiani. Maji. Hapana. Mina. Baba Mina. Alikosea mengi na kutafuta mengi, lakini mwaka ulipopinduka aliweza kusema kitu ukakielewa.

Ibrahimu alikuwa amengoja wakati huo. Jioni moja alikaa mbele yake akauliza, "Mama Mina, ule wakati ulipokuwa huwezi kusema. Nikikunywesha uji, ukaitikia. Na Saida akisoma, ukasoma naye. Ulikuwa unasali?"

Chausiku alikunja uso. "Niliitikia?"

"Uliitikia."

"Sikumbuki." Alitafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena. "Nakumbuka... kijiko. Na sauti."

"Sauti ya nani?"

"Yako. Na ya... mdogo wangu." Akamtazama mumewe kwa muda. "Na wewe? Ulikuwa unasali?"

Miezi yote Ibrahimu alikuwa anachunguza moyo wa mtu mwingine, na swali hilo halijawahi kumjia. Alifikiria zile asubuhi, moja moja: hasira, usingizi, majina ya wateja, uji uliomwagika.

"Nilikuwa nakunywesha uji," akasema.

Chausiku hakuonekana kuridhika, wala hakuonekana kumlaumu.

Ibrahimu alitazamia kwamba sasa mkewe atarudi mkekani aongoze kama zamani. Alimpa rozari. Chausiku aliishika kwa mkono wa kushoto, akataja Maria, akataja Yosefu, akasimama. Majina yalimkimbia. Akairudisha kwenye kiganja cha mumewe na kukifunga. "Anza," akasema. "Wewe."

Kwa hiyo ni Ibrahimu anayeongoza mpaka leo. Mafumbo bado anayachanganya, na mkewe humkosoa kwa kutikisa kichwa. Imani yake imekua? Ukimwuliza atakwambia hajui, na atakwambia kwa uchungu kidogo, kama mtu aliyechimba kisima akafika mbali na bado hajajua kama ule unyevu ni maji.

Juzi walikuwa katikati ya litania simu yake ikaita. Ikaita mpaka ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza. Ibrahimu alimaliza, akafanya ishara ya msalaba, akampigia aliyemtafuta. Alikuwa Bwanausi, mwenye nyumba ya wageni karibu na soko.

"Fundi, nakupigia hupokei!"

"Niwie radhi, Bwanausi. Nilikuwa nasali."

Alipokwisha kulisema akashtuka, akamtazama mkewe kana kwamba ni yeye aliyesema. Chausiku alikuwa anahangaika na kifungo cha sweta yake, hakusikia.

"Basi Mungu akupokelee," sauti ya Bwanausi ilisema. "Njoo haraka, jiko limejaa maji."

Ibrahimu alimfunga mkewe kifungo, akachukua mfuko wa spana, akatoka.